Kimo

Usiku wa tatu nimepima tena kwa futi ya shingoni,
ile iliyofutika namba kuanzia sitini, hapo nahesabu kwa kidole:
toka udongo wa ndoo hadi nchani, inchi sitini na moja.
Jana hamsini na tisa.
Toka nchani hadi kwenye taa, kiganja. Na taa haipandi tena,
imeshagusa boriti, na boriti za nyumba hii
ziliwekwa na watu wafupi, au wenye haraka.

Mti si wangu. Nililikuta kabati la marehemu dada
limefungwa kwa pini, mwanga wa zambarau ukivuja chini,
wiki moja baada ya Lali kuchukuliwa pale Bondeni
na misokoto mitatu mfukoni.
Mimi sivuti. Nina pumu. Nashona kanzu na sare za shule.
Nilitaka kuung'oa niutie chooni
lakini ulishaanza kutoa vinyweleo vyeupe kwenye vifundo,
kama kidevu cha mtoto anayejaribu uzee.
Nikasita.

Sikujua kwamba ua linapokuja ndipo mti unapokimbia.
Nilidhani, ukishachanua, unatulia.
Ulikuwa kiunoni mwangu. Wiki mbili, unanitazama usoni.
Majani ya juu yakajikunja kingo kwa joto,
yakanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya tetroni.

Kazi yangu ni urefu. Mtu akiniletea suruali ndefu
napiga chaki, nakata, napinda, kesho aje.
Huu umeshashika maua. Ukikata kilele sasa
umekikata kile kile ulichokingojea.
Basi nakunja.

Nalishika shina kwa dole gumba na cha shahada,
nalifinya taratibu, nalizungusha hadi nisikie ndani
nyuzi zikiachana bila ngozi kupasuka,
mlio mdogo, kama mshono wa kwapa mtu akinyoosha mkono,
kisha nalilaza ubavu, nalifunga kwa ukanda wa leso ya dada,
ile ambayo jina lake limebaki nusu:
…SIULIZI TENA.

Samaki mkunje angali mbichi. Waliniambia wote,
msikitini, barazani, Bi Thureya wa chini kupitia dirishani,
Lali alipofika miaka kumi na tatu, akaanza kugonga paji
kwenye kizingiti cha juu cha mlango wetu.
Nikamkunja. Wallahi nilimkunja. Kwa futi ya mbao,
kwa sahani iliyofunikwa mpaka ikapoa,
nikasikia mlio, nikadhani ni nyuzi.
Ilikuwa ngozi.

Kumekucha, shina limevimba pale nilipolifinya,
fundo kama goti. Ncha, nzima, imejipinda yenyewe
kuitafuta taa, ila sasa iko chini,
na vitawi vya pembeni vilivyokuwa kivulini
vimesimama vyote kwa pamoja
kama watoto wa chuo mwalimu akitoka.

Harufu imekuwa kubwa kuliko nyumba.
Nachoma udi, nachoma ubani, nakaanga vitunguu saa nane za usiku.
Bi Thureya anauliza kama naoa.
Tokeni za stima zinaisha kabla ya Ijumaa.

Jumapili, Shimo la Tewa. Foleni, kitambulisho,
mkate umetobolewa kwa spoku kutafutwa kilichomo.
Lali ameanza kuinama, sijui tangu lini,
na mle ndani hakuna boriti.
"Ile suruali ndefu," ananiuliza, macho kwa askari,
"uliipunguza?"
"Sijaikata," namwambia. "Nimeikunja tu."
Anacheka, anajishika kidevu. Kina vinyweleo.
"Usiikaze sana, mjomba. Bado wiki tano."

Nimerudi, sijavua hata viatu,
nikafungua kabati, nikalegeza fundo moja la leso.
La pili nimeliacha. Sijui.